Matumizi ya Neno "Sugu" katika Tiba ya Lukemia

Wafasiri huandika "lukemia sugu" kwa maana tatu: iendayo polepole, iliyorejea baada ya kutoweka, na isiyosikia dawa. Mchanganyiko huo ni hatari katika majaribio ya tiba. Matokeo ya jaribio la blinatumomabu, kingamwili inayoshika seli ya saratani upande mmoja na seli ya kinga upande wa pili, yalichapishwa mwaka 2017. Wagonjwa 405 walikuwa na lukemia kali, iliyorejea au isiyosikia dawa. Nusu ya waliopangiwa kingamwili waliishi zaidi ya miezi 7.7, kwa kemotherapia, miezi 4.0. Mwenye lukemia ya polepole hakuhusika. Kwa hiyo "sugu" ibakie kwa hiyo ya polepole. Msemo "isiyosikia dawa" uandikwe katika fomu za ridhaa.