Mnara wa Kilimani na Neno Moja

Wasikilizaji, katika nchi ya Scotland, juu ya kijiji cha Comrie, kiko kilima kiitwacho Dunmore. Kileleni umesimama mnara wa mawe, mwembamba, wenye pande nne na ncha iliyochongoka, urefu wake futi 72. Ulijengwa mwaka 1812 ili kumkumbuka Henry Dundas, aliyeitwa pia Lord Melville, aliyefariki mwaka 1811. Alikuwa na nyumba karibu na hapo, na nguvu zake katika siasa zilikuwa kubwa, hata watu wakamwita mfalme wa Scotland asiye na taji.

Lakini mnara hauelezi habari zote za mtu. Sikilizeni mambo mawili.

La kwanza ni la mwaka 1778. Mwafrika mmoja, jina lake Joseph Knight, aliyeuzwa utumwani Jamaica kisha akaletwa Scotland na bwana wake, alidai mahakamani kwamba yeye ni mtu huru. Dundas alikuwa miongoni mwa mawakili waliomtetea. Knight alishinda, majaji waliamua ya kuwa sheria ya Scotland haikubali utumwa.

La pili ni la mwaka 1792. Bwana Wilberforce alitaka Bunge la Uingereza likomeshe biashara ya watumwa. Dundas akasimama, akaomba liongezwe neno moja tu: ikomeshwe kidogo kidogo. Wabunge 230 wakakubali, 85 wakakataa. Sheria ya kuikataza biashara ile haikupatikana mpaka mwaka 1807.

Kwa ajili ya neno hilo watu hushindana hata leo. Wanaomtetea husema: mwaka 1791 Bunge lilikuwa limekwisha kukataa, na bila neno lile lingalikataa tena. Wanaomlaumu husema: neno lile liliwapa nafasi wafanya biashara, na katika miaka 15 ile merikebu ziliendelea kuwavusha Waafrika baharini kwa malaki.

Wazee wetu husema, Haraka haraka haina baraka. Ni shauri jema kwa mtu ajengaye nyumba yake. Lakini aliyefungwa minyororo ndani ya merikebu, kwake kila siku ya kungoja ni siku ya mateso.

Basi, mwonapo mnara wa mkubwa yeyote, msitazame urefu wake tu. Ulizeni: Huyu alitenda nini, na ni akina nani waliongoja alipokuwa akisema pole pole?