Msingoje taa ya oili iwake

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenzangu, hasa wenye magari madogo na madereva wanaobeba abiria huku vijijini, juu ya injini moja iliyoenea nchini kuliko wengi wetu tunavyotambua. Ni injini ya petroli ya Toyota iitwayo 1NZ-FE. Wengi hawalijui jina hilo lakini wanaipanda kila siku, maana ndiyo iliyomo katika Probox nyingi, katika IST za lita moja na nusu, na katika baadhi ya Spacio, Raum na Allion. Mwenye shaka afungue boneti atazame kile kibati cha chuma. Maandishi mengine ni ya Kijapani, lakini jina la injini limeandikwa kwa herufi hizi hizi zetu.

Mimi si fundi wa magari. Ni mwalimu wa shule ya msingi, nafundisha Hisabati na Sayansi, na tulipokuwa chuoni tuliambiwa kwamba zana ya kufundishia isiyopatikana dukani itafutwe katika mazingira. Kwetu huku Makete mazingira hayo ni pamoja na Probox zinazongoja abiria karibu na shule, nami nimezitumia. Silinda ya injini hii ina kipenyo cha milimita 75, na pistoni husafiri milimita 84.7 kutoka chini hadi juu. Silinda ni mcheduara, kwa hiyo mtoto wa darasa la saba aliyeelewa somo anaweza kutafuta ujazo wa silinda moja, akazidisha mara nne, akapata karibu sentimita za ujazo 1,497. Ndiyo maana ya ile "1.5" ambayo watu huitaja bila kujua ilikotoka. Watoto walifurahi sana kuona jibu la daftarini limekubaliana na kitu cha chuma kilichotengenezwa Japani.

Nguvu yake ni karibu farasi 109 ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, na nguvu ya kuzungusha, ile ipandishayo mlima, hufikia kilele cha nyutoni-mita 141 kwenye mizunguko 4,200. Hizo ni hesabu za pwani. Huku kwetu, kwenye mwinuko wa kama mita 2,000, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu hiyo. Halafu tunapakia abiria wanane na magunia ya viazi juu! Dereva hana budi kukanyaga mafuta na kupanda kwa gia ndogo safari nzima. Injini inayofanya kazi namna hiyo si sawa na ile ya mjini inayompeleka bwana mmoja ofisini.

Injini hii haina mkanda wa taimingi wa kukatika, ina cheni. Ina vali 16, kila plagi ina koili yake, na mwili wake ni wa aluminiamu, ndiyo sababu ni nyepesi. Sisemi kwamba ni mbovu. Wasemao kwamba ni moja ya injini ndogo bora walioziona wana haki, nami nimeona zilizotembea miaka mingi katika barabara za huku bila kufunguliwa. Ninalobishana nalo ni lile neno nilisikialo kila kijiwe cha magari, kwamba "injini ya Toyota haifi". Inakufa. Na mara nyingi hufa kwa kukaushwa oili, huku mwenye gari akiapa kwamba amefuata ratiba.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Injini hii huingia lita 3.7 za oili pamoja na filta. Ikizeeka, zile ringi za pistoni zinazokwangua oili ukutani mwa silinda hujaa masizi na kushikamana, oili ikapita na kuungua pamoja na petroli. Huo ndio ugonjwa wake mkubwa. Vitabu vya Toyota vyenyewe huhesabu kwamba gari linaweza kula hadi lita moja kwa kilometa 1,000 bila kusemwa kwamba ni bovu. Sasa chukueni mwenye gari anayebadilisha oili kila kilometa 5,000 kama alivyofundishwa, asiongeze chochote katikati. Gari lake likila lita moja kila kilometa 1,000, linakuwa kavu kabla ya kufika 4,000. Mtu huyo ni mwaminifu kwa ratiba yake, na injini yake imekufa.

Hapo dereva atajibu kwamba taa ya oili ingewaka. Ndugu zangu, ile taa nyekundu yenye picha ya kopo haipimi kiasi cha oili. Inapima msukumo wa oili. Maadamu pampu bado inafyonza kitu, taa itakaa kimya hata kama imebaki kidogo chini kabisa. Ikiwaka umekwisha chelewa, vyuma vinasagana. Kipimo cha kiasi ni kile kijiti chenye alama mbili, hakuna kingine.

Nasema haya kwa sababu nilikuwamo. Masika moja iliyopita nilipanda gari lililokodiwa kumpeleka hospitali mama mmoja wa kijiji chetu aliyekuwa na uchungu tangu usiku. Tukiwa katikati ya mlima injini ikaanza kugonga kama mtu apigaye debe, taa ikawaka, na kabla dereva hajapata mahali pa kuegesha ikajifunga. Nilichomoa kijiti mwenyewe, kilikuwa kikavu mpaka nchani. Dereva alikuwa akirudia neno moja tu: "Taa haijawaka, mwalimu, taa haijawaka." Tulikaa pale na mvua saa nzima, mkunga akimfunika mama kwa kanga zake mwenyewe, mpaka likapita lori la mbao likatuchukua. Mtoto alizaliwa salama, lakini hakuna aliyekuwamo garini siku ile atakayeniambia kwamba kupima oili ni kazi ya fundi.

Jambo jingine ambalo wenye magari hawaambiwi wakati wa kununua ni hili. Injini nyingi za zamani zikilika, silinda huchongwa zikawekwa pistoni kubwa zaidi. Hii haikutengenezwa kwa nia hiyo. Ndani ya ule mwili wa aluminiamu kuna kuta nyembamba za chuma zilizoshikamana nao, na hakuna nyama ya kutosha ya kuchonga. Kwa hiyo ikijifunga mara nyingi mwenye gari huishia kutafuta injini nyingine ya mtumba, ambayo nayo hajui ilikulaje oili huko ilikotoka.

Hata magonjwa mengine ya injini hii ukiyafuata utakuta yanarudi kwenye oili ile ile. Cheni hukazwa na kifaa kinachosukumwa na oili. Oili ikiwa pungufu au chafu, cheni hulegea na utaisikia ikilia asubuhi gari linapowashwa, kisha inanyamaza. Ule mtambo uitwao VVT-i, unaobadilisha wakati wa vali za kuingiza hewa kufunguka, nao hutumia oili ipitayo kwenye kichujio kidogo sana, kikiziba gari linakuwa zito. Yapo pia ya kawaida: throto kujaa uchafu gari likawa halitulii likisimama, koili kufa injini ikatetemeka, mpira wa kushikia injini kuchoka. Hayo hayaui.

Ninao ugomvi kidogo na baadhi ya mafundi wa kandokando ya barabara, ingawa wengine ni wanafunzi wangu wa zamani. Gari likianza kula oili, wanamwaga ile nyepesi ya 5W-30 na kutia nzito ili moshi wa bluu upungue. Moshi unapungua kweli. Lakini huku kwetu mwezi wa Juni na Julai sakitu huanguka, na oili nzito katika baridi hiyo hupanda polepole kama asali, wakati cheni na vali zilizo juu zinasubiri. Gari likichemsha, wanatoa thamostati na kuitupa, wanasema ni kifaa cha nchi za baridi. (Makete si nchi ya baridi?) Injini isiyo na thamostati huchelewa kupata joto lake, kompyuta inazidi kuimiminia petroli, na petroli hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda. Kilichochemsha gari huenda kilikuwa rejeta iliyoziba kwa maji ya mtoni, au kifuniko chake kilichochoka. Kwa mwinuko wetu maji yasiyofungiwa huchemka kwenye nyuzi kama 93, si 100 kama ubaoni. Kifuniko kizima ndicho kinachoyazuia yasichemke mapema, na ni kitu cha bei ndogo.

Mhariri, magari haya hutujia na vitabu vya Kijapani. Dereva wetu anakitia kitabu kile chini ya kiti, naye hana kosa, maana hawezi kukisoma. Nashauri wenye kuuza magari haya walazimishwe kutoa karatasi moja tu ya Kiswahili: kiasi cha oili, aina yake, namna ya kusoma kijiti, na maana ya kila taa. Haihitaji mtaalamu kutoka ng'ambo.

Hapa shuleni darasa la saba wameiandika karatasi hiyo kwa mkono, na nakala zimebandikwa dukani na kwenye zahanati. Inasema gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe kwa dakika kama tano, kijiti kifutwe, kirudishwe, kichomolewe tena ndipo kisomwe, kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Madereva wawili wanafanya hivyo sasa. Wa tatu anasema atangoja taa, nami nimewashauri wazazi wasilikodi gari lake usiku.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Makete.