Gugu Linalovuka Mpaka Bila Kuonekana

Msafiri apitaye barabara za Tororo na Busia wakati mahindi yanapokaribia kubeba huona mashamba yaliyopambwa kwa maua ya zambarau. Mgeni huyasifu. Mwenye shamba huyatazama akahesabu magunia ambayo hatayapata. Maua hayo ni ya gugu ambalo Wajaluo huliita kayongo, na ambalo katika sehemu nyingi za Tanzania huitwa kiduha. Wataalamu wa mimea huliita Striga hermonthica. Askari wengi walioko makambini na vituoni wana wazazi na jamaa wanaolima huko nyumbani, nao huambiwa kwamba mahindi yamenyauka ilhali mvua imenyesha. Habari hiyo si ya kushangaza, na wala haina uhusiano na uchawi wa jirani.

Kayongo ni mmea wa mwitu wa Afrika. Liliishi juu ya mizizi ya nyasi za porini, kisha likahamia mtama na wimbi. Mahindi ni mgeni aliyetoka Amerika. Hayakupata muda wa kujijengea kinga, na kwa sababu hiyo huumia zaidi. Shina moja la gugu hili laweza kutoa mbegu makumi ya maelfu. Kila mbegu ni chembe ndogo mno, yapata theluthi moja ya milimita, mfano wa vumbi, nayo yaweza kukaa hai udongoni kwa zaidi ya miaka 10.

Mbegu hiyo haioti ovyo. Kwanza huhitaji udongo wenye unyevu na joto kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Baada ya hapo hungoja ishara. Mizizi ya mahindi au mtama, hasa katika ardhi iliyochoka na kupungukiwa na fosforasi, hutoa kemikali fulani udongoni. Mwaka 2005 watafiti wa Kijapani walionyesha kwamba kemikali hizo ni wito: mmea wenye njaa huziita aina za kuvu zenye manufaa zije ziusaidie kupata chakula. Kayongo huusikia wito huo huo. Askari aliyefanya kazi ya simu za upepo ataelewa mara moja: ujumbe uliopelekwa kwa rafiki umenaswa na adui, naye sasa anajua kituo kilipo. Mbegu huota, hujipachika kwenye mzizi, na kwa wiki kadhaa gugu hunyonya likiwa chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya hasara huwa imekwisha kutokea kabla ua la kwanza halijaonekana.

Hapa ndipo suala la hali ya hewa linapoingia. Wakati wa ukame mahindi hufunga vitundu vidogo vya majani yake ili kubana maji. Kayongo huacha vyake wazi na kuendelea kuvuta maji ya mwenyeji wake. Kwa hiyo mvua inapopungua, mahindi hupata kiu mara mbili. Kadhalika gugu hili huota vizuri zaidi katika joto la nyuzi 30 hivi, na joto la Afrika Mashariki limekuwa likipanda.

Gugu halikai baraza likaamua kubadilika. Ua la kayongo haliwezi kujichavusha lenyewe. Hutegemea wadudu walete chavua kutoka kwa shina jingine. Matokeo yake ni kwamba mbegu zake hazifanani tabia. Zipo zinazoamka upesi na zipo zenye usingizi mzito. Mvua ikianza mwezi wa Machi kisha ikakatika, zilizowahi kuota huweza kufa pamoja na mahindi machanga, lakini zilizolala hubaki kama jeshi la akiba. Watakaozaa ni waliosalimika, na watoto hurithi tabia zao. Vizazi vikipita, gugu la mahali fulani hupatana na mvua, joto na mazao ya mahali hapo.

Mtama nao haukukaa bure. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba baadhi ya aina za mtama zimepungukiwa na jeni moja, na upungufu huo hubadilisha ule wito wa mizizi hata gugu likashindwa kuutambua vyema. Hata hivyo, magugu ya sehemu mbalimbali hayalingani, na mtama unaostahimili hapa waweza kushindwa kwingine.

Yuko atakayesema kwamba kwa kuwa kayongo lipo Kenya na lipo Uganda, hakuna haja ya kujali linavuka au halivuki. Hoja hiyo ina kasoro. Kinachovuka katika magunia ya nafaka yenye vumbi, katika matope ya viatu na magurudumu, ni tabia mpya zinazochanganyika na za zamani. Kituo cha pamoja cha mpakani Busia, kilichofunguliwa rasmi mwaka 2018, huwawezesha maofisa wa nchi mbili kukagua mizigo mahali pamoja; lakini jicho la ofisa haliwezi kuona chembe hiyo ndani ya gunia.

Marekani iligundua gugu la jamii hii mwaka 1956 katika majimbo mawili ya Carolina, likatawala zaidi ya ekari 400,000. Serikali iliweka karantini, mitambo ya kilimo ikakaguliwa kabla ya kuhamishwa, na kazi ikaendelea kwa zaidi ya nusu karne hadi eneo likabaki dogo sana. Huko gugu lilikuwa mgeni. Huku lipo nyumbani kwake, na fedha kama zile hazipo.

Kilichopo ni desmodiamu, mmea wa malisho uliofanyiwa utafiti Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, na kituo cha ICIPE pamoja na washirika wake. Ukipandwa katikati ya mistari ya mahindi, mizizi yake huziamsha mbegu za kayongo, kisha huzizuia zisijipachike. Zikikosa mwenyeji hufa. Ng'ombe nao hupata majani. Samadi husaidia pia, kwa kuwa mahindi yaliyoshiba hutoa wito hafifu. Lililokwisha kuchomoza hung'olewa linapoanza tu kutoa maua na kuchomwa moto, kwani vitumba vikikauka hupasuka, na upepo huanza kazi.