Ute wa Kahawa Huenda Wapi?



Wengi wetu tunapeleka kahawa kiwandani, inapimwa, tunarudi nyumbani na debe tupu. Yanayofuata usiku ule ndani ya tangi hatuyaoni. Punje zikishamenywa huingia zikiteleza kama kambare. Kesho yake au kesho kutwa zinatoka zikikwaruza kama kokoto, na hakuna mtu aliyezisugua. Ule ute umeenda wapi? Tumeona tulieleze jambo hili, kwa maana hapo tangini ndipo jasho la mwaka mzima linaweza kupotea.

Ute ni nini?

Fikirini nyumba ya udongo. Fito husimamisha ukuta, lakini udongo ndio unaozishika pamoja. Mmea nao umejengwa hivyo hivyo. Kila seli yake ina ukuta. Nyuzinyuzi ni fito, na katikati kuna kitu kama gundi kiitwacho pektini. Ute wa kahawa una pektini nyingi, ndiyo sababu ukizimwagia punje maji tu hautoki.

Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya. Kimeng'enya si mdudu. Ni kitu kidogo mno ambacho viumbe hai hutengeneza kwa kazi moja maalum. Vimeng'enya vingine hubandua vifuniko vidogo vilivyo juu ya mnyororo wa pektini, vingine huukata mnyororo wenyewe vipande vipande. Gundi inalegea, maji yanaweza kuisafisha. Baadhi vimo ndani ya tunda, na vingine hutolewa na bakteria, hamira na ukungu wanaozaliana tangini. Kwa kahawa, basi, vimeng'enya mnavyo tayari, bila kununua.

Tangi halina saa ya ukutani

Penye joto ute unaweza kulegea kwa masaa 12 tu. Huku kwetu milimani, usiku wa mvua na baridi, inaweza kupita masaa 36. Kwa hivyo msiseme, "Jana tuliosha asubuhi, leo pia tutaosha asubuhi." Pimeni hivi:

1. Chota punje mkononi, zioshe, zisugue. Zikikwaruza, ziko tayari. Zikiteleza, bado.
2. Chomeka fimbo safi katikati ya tangi, uichomoe. Tundu likibaki wazi, wakati umefika. Likijifunga, ngojeni.

Kahawa ikiosha mapema, ute uliobaki huendelea kuchachuka kwenye vitanda vya kuanikia, punje hukauka polepole na kuota ukungu. Ikichelewa, bakteria hawaishii kwenye ute. Punje hushika harufu ya siki au ya kitunguu, na kukausha hakuiondoi. Muonjaji wa kahawa huitambua kwa kijiko kimoja. Na kumbukeni, tangini kahawa ya mama mjane aliyechuma nyekundu tupu imechanganyika na ya wengine wote. Saa za uzembe wa mtu mmoja zinalipwa na kikundi kizima.

Kwa hivyo chagueni mtu wa kupima tangi, hata usiku. Ondoeni kahawa mbichi kabla ya kumenya, kwa maana haimenyeki vizuri. Osheni mashine na tangi kila siku, punje za jana zisichachuke pamoja na za leo. Maji yenye ute yaelekezeni shimoni, yasiingie mtoni. Yakioza humaliza hewa ya majini, na samaki hufa.

Ndizi, juisi na jemu

Vimeng'enya vya aina hii ndivyo vinavyolainisha ndizi ikiiva. Lakini vikundi vilivyojaribu kutengeneza juisi ya ndizi vinajua taabu yake: ukiponda unapata uji mzito, kwa sababu pektini imeshika maji. Tangu miaka ya 1930 viwanda vya juisi huko ng'ambo vimetumia vimeng'enya vilivyotengenezwa kwa ajili hiyo. Siku hizi hupatikana hasa kutokana na ukungu uitwao Aspergillus niger. Huchanganywa na matunda yaliyopondwa, huachwa kwenye uvuguvugu mpaka uji ulegee, kisha juisi hukamuliwa na kuchemshwa ili kuvisimamisha.

Jemu ni kinyume. Hapo mnaitaka pektini, ndiyo inayogandisha. Mapera yaliyoiva mno hayagandi vizuri kwa sababu pektini yake imeshakatwa. Changanyeni na machache ambayo hayajaiva sana, na msiyaache yamekatwa siku nzima kabla ya kuyachemsha.

Hata akina mama wa Zanzibar wanaofukia makumbi ya nazi kwenye matope ya pwani kwa miezi wanaijua kazi hii. Viumbe wa matopeni hula kinachoshikanisha nyuzi, nao wanabaki na nyuzi za kusokota kamba.

Kisii, pamoja na Meru na Embu, ndiko wakulima Waafrika wa Kenya walikoruhusiwa kwanza kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Wazee wetu waliijua kazi ya tangi kwa mkono, ingawa jina la kimeng'enya hawakulisikia. Sisi sasa tunajua na sababu. Msimu huu, kabla ya kufungulia maji, mtu atie mkono tangini kwanza.