Kinanda Kisibebe Msafara Peke Yake

Kijiji cha Kwihara kiko kilomita chache kutoka mjini Tabora, na umaarufu wake ulimwenguni umetokana na nyumba moja. Hapo ndipo Livingstone na Stanley walipokaa pamoja mwaka 1872. Stanley aliondoka Machi 14 kurudi pwani; Livingstone alibaki akingoja wapagazi hadi Agosti 25, kisha akashika njia ambayo hakurejea. Leo mahali hapo ni makumbusho, na ni haki pawe hivyo.

Hata hivyo, wageni hao hawakufikishwa huku na ushujaa wao peke yake. Walifikishwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na wapagazi walikwenda kwa wimbo. Mbele alitangulia kirangozi. Yeye alianzisha, na msafara mzima ukaitikia. Kirangozi aliijua njia, lakini hakubeba shehena yote. Kila mtu alikuwa na mzigo wake na sauti yake.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu ya aibu iliyonipata katika kijiji hiki hiki. Miaka michache iliyopita nilikuwa mjumbe wa kamati ya sherehe moja ya hadhara. Mbele yetu kulikuwa na maombi mawili: kikundi cha wanamuziki saba wenye magitaa na ngoma, na kijana mmoja mwenye kinanda cha umeme. Kijana alikuwa rahisi mara kadhaa. Tulimchagua yeye, na mimi nilikuwa wa kwanza kunyosha mkono. Siku ya sherehe alibonyeza kitufe, na mara zikatoka ngoma, besi, tarumbeta na hata sauti za waitikiaji. Chini ya mwembe aliketi mzee mmoja aliyepata kupiga gitaa katika bendi za mji huu. Nilipokwenda kumwamkia, hakulaumu. Alisema tu kwamba chombo kile kimetoa sauti zao wote, ila hakimsikilizi mtu yeyote.

Ndugu msomaji, maneno hayo nimekaa nayo hadi leo. Wala nisidhaniwe kuwa nakishutumu kinanda. Ndugu zetu wa Visiwani wanafahamu kwamba neno hilo lenyewe limesafiri sana: hapo kale mwambao ulikiita kinanda chombo cha nyuzi, jamaa ya udi, kabla jina halijahamia kwenye chombo cha vibao tulichokizoea kanisani na shuleni. Ubaya hauko katika chombo. Uko katika namna tunavyokitumia.

Ushahidi upo, nao ni Kilimanjaro Band, ambao wapenzi wao waliwaita Wananjenje. Kikundi hiki kilianzia Tanga kwa jina la Love Bugs, kikawa The Revolutions, na hatimaye kikachukua jina la mlima wetu. Kwa miaka mingi nguzo ya sauti yake ilikuwa kinanda cha Waziri Ally. Lakini sikilizeni kinanda hicho kilifanya kazi gani. Kilifungua wimbo, kikawatandikia waimbaji njia, kisha kikajua kunyamaza. Chini yake palikuwa na besi la Keppy Kiombile, na pembeni gitaa, ambalo kwa kipindi kirefu lilikuwa mikononi mwa John Kitime. Mbele waliimba Mohamed Mrisho, Nyota Waziri na Mabruk, aliyejulikana zaidi kama Babu Njenje. Nyimbo zao zilichota katika ngoma za mwambao, na kinanda, ingawa ni chombo cha kigeni, kikajifunza mwendo wa ngoma hizo. Huyo ni kirangozi wa kweli, aliyetangulia huku akiitikiwa.

Nasi wa Tabora si wageni wa mambo haya. Reli ya Kati ilifika mjini hapa mwaka 1912, na pamoja na abiria zikaja sahani za santuri na magitaa. Mji huu ukazaa Kiko Kids ya Salum Zahoro, ukazaa Nyanyembe Jazz iliyobeba jina la himaya yetu ya kale, na ukazaa Tabora Jazz na mtindo wake wa Segere Matata, ambamo Shem Karenga, aliyefariki mwaka 2014, aliipatia nchi nzima wimbo wa Dada Asha. Hata Western Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilikuwa kazi ya Iddi Nhende, mwana wa Nzega. Bendi hizo hazikuegemea kinanda. Gitaa la kwanza liliuliza, la pili likajibu, besi likapatanisha. Kwa hiyo waliokaa pamoja walilazimika kusikilizana.

Chuoni nilikosoma Kurani, mwalimu alisoma nasi tukafuatisha. Mtoto aliyekosea hakurekebishwa na kitabu. Alirekebishwa na sikio la mwenziwe aliyekaa naye jamvini. Bendi ni chuo cha namna hiyo. Mashine haimkosoi anayeibonyeza, na kijana anayekua na mashine peke yake hukosa mwalimu na hukosa mwenzi.

Visiwani nako jambo hili limeonekana. Tangu miaka ya 1990 taarabu ya kisasa imeweka kinanda cha umeme mahali pa fidla na kanuni, na waliokuwa wapigaji wengi wakawa wawili au watatu. Lakini Wazanzibari hawakuishia kwenye kulalamika. Mwaka 2002 walifungua chuo cha muziki cha nchi za jahazi, ambako vijana hufundishwa udi na kanuni pamoja na vyombo vipya. Bagamoyo, mwisho wa njia yetu ya misafara, nayo imekuwa na chuo cha sanaa tangu mwaka 1981.

Kwa hiyo ninayo mapendekezo matatu kwa wenye dhamana. Kwanza, kamati za sherehe za Serikali na za Chama zipange katika bajeti malipo ya wapigaji halisi, hata kama ni wachache. Pili, maofisa utamaduni wakusanye mapema kumbukumbu za bendi za Tabora, yaani picha, vyombo na masimulizi ya wazee waliobaki, na zipatiwe chumba katika makumbusho ya Kwihara, kwani nyumba inayowakumbuka wageni wa miezi michache haiwezi kukosa nafasi kwa wenyeji. Tatu, shule zinunuapo kinanda, zinunue pamoja nacho gitaa na ngoma, ili mtoto wa kinanda awe na wa kumwitikia.

Yule mzee wa chini ya mwembe yu hai bado, na vidole vyake vingali vinajua njia. Mwaka huu kamati yetu itakutana tena. Nitanyosha mkono, na safari hii nitaunyosha kwa ajili ya wale saba.