Usilipe sevisi ya gari kabla ya kuona spea kuukuu

Msomaji, gari likitoka sevisi katika kampuni kubwa ya kuuza magari, hurudi limeoshwa likang'aa na kitabu chake kimegongwa muhuri. Lakini je, ni wangapi kati yetu huinua boneti kuangalia kama kazi waliyolipia imefanywa? Ukiishi Nairobi na kuliendesha hadi kazini tu, huenda miezi ipite bila kugundua lolote. Safari ndefu ya Ukambani ndiyo hutoboa siri.

Sikiliza yaliyonipata Agosti mwaka 2023. Siku tatu kabla ya kusafiri, nilipeleka gari la familia katika kampuni moja jijini. Ankara ilionyesha oili mpya, filta ya oili, filta ya hewa na kazi ya fundi, jumla Sh18,500. Nikalipa. Jumamosi tukaondoka na mke wangu na watoto wawili, tukamchukua mama Makindu, ili twende harusini Mutomo. Kibwezi tukaiacha barabara ya Mombasa, tukashika ile ya Kitui.

Tulikuwa tumevuka Mto Athi, unaotenganisha Makueni na Kitui sehemu hizo, ilipowaka taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili. Nilizima injini papo hapo. Nawe ukiiona taa hiyo, simama. Usiseme utafika kwanza. Oili ndiyo inayozuia vyuma vya injini kusagana. Ikiisha, vyuma hupata moto na kushikana katika dakika chache, na gharama ya kuifufua injini hiyo inaweza kumfilisi mwenye gari.

Tulikaa kando ya barabara saa tatu kwenye jua kali, mama akijipepea kwa leso na watoto wakilia kiu. Fundi aliyeletwa kwa bodaboda kutoka Ikutha alilala chini ya gari akatuonyesha: nati ya kumwagia oili ilikuwa imelegea, na washa yake ni ile ile ya zamani, imechakaa. Oili ilikuwa imedondoka njia nzima. Alipofungua kasha la filta ya hewa, tulikuta filta kuukuu, nyeusi, imejaa vumbi. Ile mpya ilikuwa kwenye ankara tu.

"Mwanangu," mama akasema, "hawa waliosha gari, hawakulitengeneza."

Huenda ukauliza, filta ya hewa ina uzito gani? Barabara ya Kibwezi hadi Kitui ina lami siku hizi, lakini ukiiacha kuelekea vijijini, unakutana na vumbi jekundu, hasa wakati wa kiangazi kati ya Juni na Oktoba. Filta iliyoziba huinyima injini hewa nayo ikapungukiwa na nguvu. Iliyotoboka hupitisha mchanga unaokwaruza silinda. Ndiyo maana vitabu vingi vya magari hushauri filta ibadilishwe mapema zaidi penye vumbi.

Jumatatu kampuni ilinijibu kwamba kwa vile gari lilifunguliwa na fundi wa nje, wao hawahusiki. Wengi wakisikia hivyo hunywea na kwenda zao. Lakini nilikuwa na ankara, filta kuukuu ndani ya mfuko, na picha za nati zilizopigwa kabla haijaguswa. Baada ya barua mbili, walirudisha pesa za sevisi. Harusi tuliyoikosa haikuwa na wa kuilipa.

Fahamu, msomaji, kwamba haki hii si hisani ya meneja. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sheria ya kuwalinda watumiaji ya mwaka 2012 inagusa hata gereji: ukipewa makadirio ya gharama, malipo hayafai kuyapita kwa zaidi ya asilimia 10, na una haki ya kurejeshewa spea zilizotolewa kwenye gari lako, isipokuwa umesema huzitaki.

Basi fanya hivi. Kwanza, dai makadirio kwa maandishi kabla spana haijashikwa. Pili, sema mapema kwamba unataka spea zote kuukuu, uzihesabu ukilinganisha na ankara. Tatu, kabla ya kuondoka, chomoa kijiti cha kupimia oili, chungulia filta ya hewa na utazame sakafu mahali gari liliposimama. Nne, weka kila karatasi, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Na ukiharibikiwa njiani, piga picha kabla fundi yeyote hajagusa.

Wakikataa kukusikiza, iko korti ya madai madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2016. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, huhitaji wakili, na kesi inapaswa kuamuliwa katika siku 60.

Usione haya kuinua boneti mbele ya fundi aliyevaa sare safi. Pesa ni zako, na watakaoketi ndani ya gari hilo ni watoto wako.