Kitenzi "break down" na Visawe Vyake

Mojawapo ya matatizo yanayomkabili mfasiri wa Kiingereza ni vitenzi vinavyoambatana na neno dogo la mwelekeo, kama vile juu, chini au nje. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alieleza kwamba vitenzi vya aina hiyo huwatatiza mno wageni. Sababu ni kuwa aghalabu maana ya jumla haitokani na maana za sehemu zake. Tuchukue "break down", ambacho neno kwa neno kingekuwa "vunja chini". Matumizi yake makuu ni haya:

(a) Chombo au mtambo kushindwa kufanya kazi: Basi liliharibika njiani.

(b) Majadiliano kukatika pasipo mapatano: Mazungumzo yamevunjika.

(c) Mtu kuzidiwa na huzuni: Mjane aliangua kilio.

(d) Kuangusha kizuizi kwa nguvu: Askari walivunja mlango.

(e) Chakula kusagwa na kugeuzwa mwilini: Tumbo humeng'enya chakula.

(f) Jumla kugawanywa katika vifungu vyake: Mhasibu alichanganua gharama.

Yadhihirika kwamba "vunja" na mnyambuliko wake hufaa katika (b) na (d) tu. Mfasiri akiliingiza penginepo, hupotosha maana. Tuseme mkataba wa kukodi gari unamtaka mwenye gari agharimie matengenezo "gari likivunjika". Je, ni injini iliyozimika yenyewe, au ni bodi iliyopondwa katika ajali? Kila upande utadai maana inayoufaa, na shauri laweza kufika mahakamani. Lau ingeandikwa "mitambo ya gari ikiharibika yenyewe", ubishi usingalizuka.

Kadhalika, Kiingereza hutumia umbo lile lile kwa kutenda na kwa kutendeka. Kiswahili hutenganisha kwa viambishi: vunja na vunjika, haribu na haribika. Nomino nazo hufuata njia hizo hizo: mmeng'enyo wa chakula, mchanganuo wa gharama, kuvunjika kwa mazungumzo.

Istilahi hupewa dhana, haipewi neno la kigeni. Kwa hiyo, kabla ya kufungua kamusi, mfasiri hana budi kujiuliza: ni nini kinachotenda au kutendewa, na mwisho wake ni hali gani? Akishapata majibu hayo, mara nyingi atakuta kwamba neno la Kiswahili lipo tayari.